UZI: Simu ya GB 32, bando la siku moja, na mama aliyeogopa kubonyeza "Futa akiba"

Mpakani_Busia:

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Niko Busia, upande wa Uganda. Nauza vifaa vya umeme, lakini mapenzi yangu ni programu za simu. Tangu niliposhika Android yangu ya kwanza mwaka 2012 sijaacha kuzichokonoa: nashusha, najaribu, nasoma inaomba ruhusa gani, nafuta. Majirani wameshanijua. Jumapili mchana barazani kwangu huwa pana simu tano sita zimepangwa juu ya stuli, kila moja na ugonjwa wake. Sitozi pesa. Napenda tu kujua simu inaumwa nini.

Jumapili iliyopita alikuja mama mmoja muuza mukene, dagaa wa ziwani. Huutoa Majanji, ziwani, akauleta sokoni kwetu. "Mwanangu, simu imejaa. Mjini wameniambia hii imezeeka, ninunue nyingine."

Simu yenyewe ina miaka miwili. GB 32, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2, Android ile nyepesi ya simu ndogo, inaitwa Go. Haina ufa hata mmoja, maana huifunga kwenye mfuko wa nailoni isiingie magamba na maji. Ukitaka kupiga picha inakataa. Mteja akituma picha ya mzigo, inazunguka tu haifunguki. Na mama huyu biashara yake yote iko humo.

Nilimwambia, "Mama, kaa kwanza. Simu hii haijazeeka."

Nikafungua Mipangilio, nikaingia Hifadhi. Mfumo wenyewe ulikuwa umeshachukua karibu GB 12 kabla mama hajaweka chochote chake. WhatsApp ilikuwa na GB 11. Humo ndani mlikuwa na video za kutumiwatumiwa kutoka makundi manne: kwaya, ukoo, wauza samaki, na kundi la mazishi ya mtu aliyezikwa mwaka jana ambalo hakuna aliyelifunga. Video moja ya mahubiri niliikuta mara tatu, kila kundi limeleta yake.

Kisha nikaingia kwenye folda ambayo wengi hawaijui, inaitwa Databases. Kila usiku saa nane WhatsApp hutengeneza nakala ya mazungumzo yako na kuiweka humo, na nakala za siku kama saba zilizopita hubaki. Ya mama ilikuwa MB 210. Zidisha kwa saba: karibu GB moja na nusu, maneno yaleyale yamelala pale yakijirudia. Niliziacha mbili za karibuni, nikafuta zilizobaki. Nikazima pia ule utaratibu wa kushusha picha na video zenyewe bila kuulizwa. Sasa yeye ndiye anachagua, na bando lake haliliwi usiku amelala.

Mlikuwa pia na programu ya "kusafisha simu". Hiyo iliniuma. Ilikuwa inamwonyesha rangi nyekundu na maneno ya kutisha, akibonyeza "safisha" anapewa tangazo, kisha anaambiwa simu imepumua. Jamani, Android hupanga RAM yenyewe. Ukiziua programu zilizo nyuma, zinaanza upya kutoka mwanzo na betri inaliwa zaidi. Mwaka 2020 Google iliziondoa dukani programu za Cheetah Mobile, wenye ile Clean Master iliyokuwa kwenye kila simu miaka ile, kwa kuvunja kanuni za matangazo. Wengine wa aina hiyo wamebaki tele. Kwa simu ndogo, kuifuta programu ya kusafisha ndio usafi wa kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Simu ilikuwa kwa Kiingereza. Mama anaongea Lusamia na Kiswahili, Kiingereza anakisoma kwa kubahatisha. Nikaigeuza iwe ya Kiswahili ili aone kila tunachofanya, kwa sababu sipendi kumrudishia mtu simu yake kama mganga anavyorudisha hirizi, chukua na usiulize. Nikamwambia abonyeze yeye mwenyewe. Skrini ikaandika: Futa akiba.

Mama akaurudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Hapana. Hiyo akiba ni ya kikundi."

Yeye ndiye mwandishi wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Hukutana kila Jumatano, wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo zimegawiwa watu watatu. Tangu mwaka huu michango huandikwa kwenye daftari na pia kwenye programu iliyomo ndani ya simu hiyo hiyo. Simu inamwambia "futa akiba", afanyeje asishtuke?

Nilimweleza kwamba akiba hiyo ni vitu ambavyo programu imejiwekea pembeni ili isivishushe tena kila mara, picha na kurasa alizokwisha kuziona, na kwamba pesa haziguswi. Akakubali kwa shingo upande tufute ya WhatsApp na ya kivinjari. Zikatoka MB 800. Ile programu ya kikundi alikataa katakata nisiiguse. Nikaheshimu.

Alipoondoka nilikaa nikiwaza. Mtu aliyetafsiri neno lile hakukosea kamusi. Alikosea kutomfikiria mama huyu. Na ndivyo programu nyingi zinavyotengenezwa: zinajaribiwa kwenye simu mpya, mahali penye Wi-Fi, na kijana wa miaka ishirini na tano. Mimi naona programu ipimwe kwenye simu iliyojaa, mikononi mwa mtu aliyenunua bando la siku moja, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Ikifanya kazi hapo, itafanya kazi popote.

Msisahau hapa kwetu kila MB imebeba kodi. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili kuingia WhatsApp na wenzake. Kuanzia Julai 2021 hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kwa hiyo programu inayojisasisha kwa MB 90 ili ibadilishe rangi ya vitufe, inamtoza mama wa Majanji pesa ya mukene.

Na Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia tarehe 13 hadi 18, VPN, zile programu za kukwepa vizuizi vya mtandao, hazikusaidia kitu kwa sababu hapakuwa na intaneti ya kupitishia. Siku zile ndipo nilipozijua programu zangu. Nyingi zilionyesha ukurasa mweupe na kiduara kinachozunguka. Kalenda, VLC ya kuchezea video, ramani nilizokuwa nimeshusha, kamusi, daftari la madeni ya duka, hizo ziliendelea kama kawaida. Tangu hapo kila programu mpya naiweka kwanza kwenye hali ya ndegeni, naifungua, naangalia inaniambia nini.

Nyinyi mnapimaje zenu?

Fundi_Mbale:

Ndugu Mpakani, umegusa kazi yangu. Hilo la kuambiwa "nunua nyingine" hata mimi linaniudhi. Simu kumi zikiletwa kwangu "zimekufa", karibu nusu zimejaa tu.

Nikuongezee moja ambalo watu hulalamikia sana. Mtu anatumiwa programu na rafiki kwa Xender (programu ya kutumiana faili) au Bluetooth ili aokoe bando, akiiweka inagoma, au inafunguka na kujifunga. Wanadhani simu mbovu. Sababu ni kwamba tangu Agosti 2021 programu mpya za Play Store zinapelekwa pale kwa mtindo wa kukatwa vipande. Duka linaiangalia simu yako, skrini yake, kichakataji chake, lugha yake, kisha linakupa vipande vinavyokufaa tu. Kwa yule anayeshusha dukani ni faida, MB zinapungua. Lakini rafiki akikutumia faili moja la APK, yaani faili la kuwekea programu, mara nyingi amekutumia kipande cha msingi tu, na vingine vimebaki kwake. Tumieni Quick Share, ile njia ya Android ya kutumiana vitu, au ile njia ya kushiriki programu iliyomo ndani ya Play Store yenyewe. Hizo hupeleka vipande vyote.

Na vijana wanaokuja kwangu wanataka niwafungulie simu kwa ruti, yaani kuvunja kufuli za mfumo wenyewe, ili waondoe programu za kiwandani: nawakatalia siku hizi. Programu za benki nyingi zikigundua simu imefunguliwa hazifunguki. Zima tu programu usizozitaka kwenye Mipangilio. Zinabaki zimelala, hazili bando wala betri.

Mpakani_Busia:

Asante fundi, hilo la vipande nilikuwa nalijua nusu nusu.

Kwa walio mpakani kama mimi kuna jingine dogo. Simu ikiwa kwenye hali ya kujichagulia mtandao, ukisogea hatua chache kuelekea geti inashika mnara wa Kenya na data yako inaanza kwenda kwa bei ya ugenini. Chagueni mtandao kwa mkono na mzime data ya ugenini. Nimeshaona mtu amepoteza salio lake lote akiwa amekaa kwake kwenye kochi.

Binti_wa_Bombo:

Kaka, naomba nilete langu hapa maana umesema unasoma ruhusa.

Dada yangu alikopa 150,000 kwenye programu ya mikopo. Sitaitaja. Hakuitoa Play Store, alitumiwa kiungo kwa meseji. Ilipofunguka iliomba majina yote yaliyomo simuni, ikaomba meseji, ikaomba picha, ikaomba mahali alipo. Alibonyeza Ruhusu mara nne bila kusoma. Alikuwa hospitalini na mtoto, angesoma saa ngapi? Alipochelewa siku tatu kulipa, meseji zikaanza kuingia kwa watu. Kwangu, kwa mwajiri wake, kwa imamu wa msikiti wetu, kwa mwanamke anayemsuka nywele. Zote zinasema fulani ni mwizi. Alilipa deni lote na riba, na bado hataki kutoka nje.

Je, akiifuta programu hiyo, majina yanarudi? Na sisi wengine tufanye nini yasitupate?

Mpakani_Busia:

Dada, pole sana, na umpe pole yangu. Nitajibu taratibu kwa sababu hili ni zito kuliko hata la simu kujaa.

Swali la kwanza jibu lake ni chungu: hayarudi. Programu ikishayasoma majina imeshayapeleka kwenye kompyuta zao. Kuifuta kunazuia isichukue mengine mapya, lakini ya jana yameshaondoka. Aifute hata hivyo, leo.

La pili. Kuanzia Android 6, ya mwaka 2015, programu haichukui ruhusa zote kwa mkupuo siku unayoiweka. Lazima iombe moja moja, na wewe una haki ya kukataa moja na kukubali nyingine, na kubadilisha mawazo kesho. Watu hawajui kwamba ukikataa programu nyingi zinaendelea tu. Programu ya tochi ikikuomba majina, kataa, taa itawaka. Ikigoma mpaka uipe, hapo imekwambia yenyewe imekuja kufanya nini.

Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya faragha, utaona ruhusa zimepangwa: majina, meseji, maikrofoni, mahali. Usianze na programu, anza na ruhusa. Fungua "majina" uone nani wote wamepewa. Nilimfanyia hivyo baba yangu mkubwa, tukakuta programu ya kuhariri picha, mchezo wa karata na kibodi ambayo hata hakumbuki aliiweka lini, zote zina majina ya ukoo wetu. Kuanzia Android 11 mfumo huzinyang'anya ruhusa programu usizozifungua kwa miezi kadhaa, lakini usiusubiri.

Jambo jingine la kujua: tangu 31 Mei 2023 kanuni za Google zinakataza programu za mikopo zilizomo Play Store kugusa majina na picha za mkopaji. Ndiyo maana wanyang'anyi wanapenda kutuma kiungo kwa meseji. Mtu akikutumia mkopo kwa kiungo na kukuambia "ruhusu vyanzo visivyojulikana", amekuomba ufungue mlango wa nyuma. Na kwa dada yako: Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu, ya mwaka 2019, na ipo ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya taarifa binafsi. Atunze zile meseji, apige picha za skrini zenye tarehe na namba, apeleke. Kukopa hakumpi mtu ruhusa ya kukuaibisha kwa imamu.

Binti_wa_Bombo:

Allah akulipe. Tumekaa naye jioni hii tumefungua hiyo sehemu ya ruhusa. Programu kumi na nne zilikuwa na majina. Tumebakisha tatu.

Boda_Jinja:

Mimi ni mtu wa pikipiki, nitasema kwa ufupi. Ramani: Organic Maps. Nilishusha ramani ya Uganda mara moja kwa Wi-Fi ya hoteli nikisubiri mteja, tangu hapo sijatumia MB kutafuta njia. Mvua ikipiga na mtandao ukipotea, mshale wangu unatembea tu, kwa sababu GPS inatoka angani haitaki bando. Wengi hawalijui hilo, wanafikiri bila data hakuna GPS.

Mpakani_Busia:

Safi sana. Na boda ni mtoto wa kwetu, jina lilizaliwa hapa mpakani kwa kubeba watu kutoka geti hadi geti.

Ramani hizo hutoka OpenStreetMap, inachorwa na watu wa kawaida. Ukiona njia yako ya uchochoroni haimo, usilalamike, iongeze. Kuna programu inaitwa StreetComplete: unatembea, inakuuliza maswali madogo, "barabara hii ni ya lami au udongo?", "maji ya hapa yanafaa kunywewa?", unajibu, ramani inakuwa bora kwa kila mtu. Majibu inayatunza simuni mpaka upate mtandao. Visima vitatu vya mtaani kwetu nimeviweka mimi, na nikiviona kwenye simu ya mgeni nafurahi kama nimevichimba.

Mwl_Arua:

Nami nichangie kama mwalimu. Shuleni kwetu hakuna intaneti ya wanafunzi. Nina simu moja yenye Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, na ndani yake Wikipedia ya Kiswahili, ambayo sasa ina makala zaidi ya 80,000. Kiwix ina sehemu ya kugawa: nawasha hotspoti, wanafunzi wanaunganisha simu zao na yangu, wanasoma kurasa kutoka kwenye simu yangu bila senti ya bando. Simu moja mezani, darasa linasoma.

Kuhusu lugha: Luganda iliingia Google Translate mwaka 2022, Acholi na Alur zikafuata 2024. Nimejaribu na wenyeji, sentensi fupi zinafika, methali zinavunjika. Lakini mtu akiweka kibodi ya Kiswahili, simu inaacha kumgeuzia kila neno kuwa la Kiingereza. Hiyo peke yake imewarudishia wazee wetu hamu ya kuandika.

Neno "akiba" wangeweka "vya muda". Mtoto wa darasa la tatu angeelewa.

MtungaProgramu_KLA:

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi natengeneza programu, niko Kampala, na mojawapo ni ya vikundi vya kuweka na kukopa kama cha mama huyo. Sijui kama anatumia yangu, ila nataka kujitetea kidogo kwa niaba yetu.

Tunajua simu ndogo zipo. Lakini mteja anayetulipa anataka nembo kubwa, picha nzuri, michoro inayosogea. Akiifungua kwenye simu yake kubwa ikaonekana ya kawaida, hatulipwi. Na kufanya programu ifanye kazi bila mtandao ni kazi mara mbili: lazima uandike simuni, uandike kule kwenye seva (kompyuta kuu ya programu), halafu uhakikishe vitabu viwili vinakubaliana. Si uvivu. Yangu nimejitahidi: mtandao ukikatika, mchango unahifadhiwa simuni, ukirudi unatumwa.

Mpakani_Busia:

Ndugu, karibu sana, na asante kwa kutujibu bila kukasirika. Ugumu naukubali. Vitabu viwili kukubaliana ni shida hata kwa wanadamu, ndiyo maana sanduku lina kufuli tatu.

Nikuulize swali moja tu. Huo mchango ambao haujatumwa, unauhifadhi wapi ndani ya simu?

MtungaProgramu_KLA:

Kwenye faili ndogo ndani ya folda ya akiba ya programu. Ni rahisi na haraka.

Mpakani_Busia:

Hapo hapo, ndugu yangu. Simama hapo hapo.

Folda ya akiba ni mahali ambapo Android ina haki ya kufuta wakati wowote nafasi ikiwa finyu, bila kumuuliza mtu. Na simu za wanachama wako ndizo zinazojaa. Video tatu za kwaya zikiingia, mfumo unatafuta pa kupumulia, unaikuta folda yako. Jumatano nzima imeondoka. Na mtu mwema kama mimi akija kumsaidia mama, akambonyezea "Futa akiba" huku akimhakikishia kwamba pesa haziguswi, atakuwa amefuta kumbukumbu za kikundi kwa mkono wake.

Mama alikuwa sahihi. Mimi niliyejifanya mjuzi ndiye nilikuwa nakosea, na kilichotuokoa ni yeye kukataa. Sijui programu yake huandika wapi. Niliona aibu nilipoandika sentensi hiyo, lakini ni bora niiandike.

Fundi_Mbale:

Hata mimi nimefuta akiba za watu miaka yote hii nikisema "haina madhara". Kuanzia kesho naanza kuuliza kwanza.

MtungaProgramu_KLA:

Nimesoma jibu lako jana usiku, sikulala vizuri. Uko sahihi. Nimeihamisha. Sasa michango inaandikwa kwenye hifadhidata ya ndani ya programu, ambayo mfumo hauigusi hata simu ikijaa. Nimeondoa pia picha kubwa ya kufungulia, ilikuwa MB 6 peke yake. Na kwenye ukurasa wa kwanza nimeweka mstari mmoja kwa herufi kubwa: "Michango ambayo haijatumwa", na idadi yake mbele.

Sina simu ya GB 32. Je, unaweza kunijaribia?

Mpakani_Busia:

Leta.

Mpakani_Busia:

Nimerudi, siku nne baadaye. Nilikwenda Majanji na simu yangu ya zamani, nikaijaza video kwa makusudi mpaka ikabaki na MB 150. Nikazima data, nikaandika mchango wa majaribio wa 5,000. Mstari ukasema 1. Nikawasha data pale pale ufukweni, ambapo mnara mmoja unashikwa ukisimama na kupotea ukikaa. Ikazunguka, ikakatika, ikarudi, ikasema imetuma.

Nilipofika mjini nikaangalia upande wa seva ulionifungulia. Mchango umeingia mara mbili. 10,000.

MtungaProgramu_KLA:

Nimeliona tatizo. Mara ya kwanza mchango ulifika, ila jibu la "nimepokea" ndilo lililopotea njiani. Simu ikadhani haujafika, ikatuma tena. Sasa kila mchango unapewa namba yake ya pekee palepale simuni, kabla haujatumwa. Seva ikiona namba iliyokwisha kuiandika, inajibu "ninayo" na haiandiki tena. Nimekutumia toleo jipya, MB 4.

Mpakani_Busia:

Safari hii sikwenda peke yangu. Jumatano mama aliniruhusu nikae kwenye kikao chao, chini ya mwembe, baada ya mwenyekiti kukubali. Daftari la karatasi waliendelea nalo kama kawaida, na niliwasihi wasiliache kamwe, kwa sababu akibonyeza mtu "Futa data" badala ya "Futa akiba" hakuna hifadhidata itakayopona. Toleo lako nililiweka kwenye simu yake, na mama akawa anaandika humo kila jina likisomwa.

Wanachama 23. Data imezimwa. Mstari ukasema: Michango ambayo haijatumwa: 23.

Nikamwomba mama aingie Mipangilio, afungue programu ile, aone kile kitufe. Alikitazama muda mrefu. Wenzake wakasogea wakaizunguka simu. Mweka hazina, mzee mmoja mwenye ufunguo wa kufuli ya katikati, akauliza, "Una hakika, mwandishi?" Mama akasema, "Nimeshaandika kwenye daftari." Kisha akabonyeza Futa akiba kwa kidole chake mwenyewe, akairudisha programu, akaigeuzia skrini kwa wote.

Ilisema 23.